Pikapu Inayochemsha: Siku Nne Eastlands



Safu hii ya safari imezoea kuwapeleka wasomaji kwenye misikiti ya kale na visiwa vyetu. Wiki hii tunapanda bara hadi Nairobi, tena upande ambao mgeni hapelekwi kutembezwa: Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, penye cheche za kulehemu na vumbi la chuma. Hatukwenda kuzuru. Tulikwenda kununua pikapu kuukuu, na kilichotuweka huko siku nne badala ya moja ni maji, yale yazungukayo ndani ya injini yakailinda isiungue.

Pikapu yenyewe haikuwa yangu wala ya mtu mmoja. Ni ya akina mama 22 wa mtaani petu, wauzao nazi, madafu, mboga na samaki wa kukaanga, ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakitia fungu lao kila Alhamisi katika sanduku la chama. Aliyewahi kukodi gari alfajiri kwenda shamba na kurudi anajua jinsi faida inavyoliwa njiani kabla bidhaa haijafika sokoni. Fedha zilipotimia wakamteua mweka hazina wao, mwalimu mstaafu, aende akanunue pamoja na mpwawe ambaye ndiye dereva, nami nikaombwa niwe shahidi. Bibi huyo hapendi jina lake litajwe gazetini, kwa hiyo nitamwita Bi Mwalimu, kama aitwavyo mtaani.

Mtu ataniuliza, kwani Mombasa hakuna magari? Yapo, lakini gari lililoishi pwani huliwa na chumvi ya bahari. Inama utazame fremu yake, utaona kutu imekwisha kuchimba. Gari la bara aghalabu lina mwili mzima. Lakini gari lenye mwili mzima laweza kuwa na injini iliyoungua, na hilo halionekani kwa kutazama rangi. Mmoja wa akina mama hao ana ndugu yake aliyenunua pikapu ya kupendeza, ikamchemkia karibu na Mackinnon Road katika safari yake ya kwanza, na injini ile haikupona tena. Kisa hicho kilisimuliwa katika kila kikao cha chama. Bi Mwalimu aliondoka Mombasa na sharti moja tu: hatoi hata shilingi mpaka aonyeshwe, kwa ushahidi na si kwa maneno, kwamba gari halichemshi.

Tulifikia kwa jamaa zetu Majengo ya Pumwani, na msomaji wa pwani akiingia humo hatajiona mgeni sana. Mtaa huo uliwekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika wa mjini, na waliojenga walijenga kwa mtindo walioujua: nyumba ya miti na udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Nyingi sasa zimepisha maghorofa, lakini zilizobaki zinasema wazi zilikotoka. Tuliswali Isha katika Msikiti wa Riyadha, na baada ya swala wazee wakatuuliza habari za Mvita kama watu wanaouliza habari za nyumbani. Hata majina ya mitaa ya huko yana sauti ya kwetu: Majengo, Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, na pale Buruburu ipo barabara iitwayo Rabai. Kariokor nayo ni ile Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, iliyopita katika midomo ya watu ikawa jina la soko, kama ilivyokuwa Kariakoo ya Dar es Salaam.

Asubuhi ya Jumatatu tukashika Barabara ya Jogoo, tukaingia ile ya Outer Ring hadi Kariobangi, penye karakana ndogo ndogo za Light Industries. Hii ndiyo nchi ya jua kali, yaani mafundi waliojifunza kazi chini ya jua bila ya paa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliichunguza ajira ya Kenya, na wakaeleza kwamba watu kama hawa, waliokuwa wakikimbizwa na askari, wana tija na wastahili kusaidiwa. Mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, na kutoka hapo neno jua kali likapata heshima katika kauli za serikali. Paa bado ni chache. Lakini elimu iliyomo mikononi mwa watu wale ni ya kustaajabisha, na nitaisimulia kwa utaratibu ule ule tulioushuhudia, kwani utaratibu wenyewe ndio elimu.

Pikapu ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya dizeli, ya tani moja, yenye zaidi ya miaka 20. Fundi wetu, mzaliwa wa Jericho mwenye umri wa miaka 40 hivi, hakuifungua wala hakuiwasha. Aliweka kiganja juu ya boneti kama mama apimavyo homa ya mtoto, akamtazama dalali.

"Hii gari imewashwa asubuhi," akasema.

Dalali akasema ameisogeza kidogo tu.

"Basi tukunywe chai, Sheikh. Tutaiangalia saa tano ikishapoa."

(Wasomaji wangu wapendao sarufi wanisamehe. Nairobi gari ni "hii gari", na nimekwisha kuchoka kuwasahihisha.)

Bi Mwalimu hakuona haja ya kupoteza saa tatu. Fundi akamweleza kwamba ugonjwa wa joto hujificha katika injini iliyokwisha kupata moto. Mwenye kuuza huiwasha mapema ili mshtuko wa kwanza upite, Bubujiko la kwanza lipite, moshi wa kwanza upeperuke, kisha mnunuzi akute injini inanguruma kwa utulivu. Tena kuna hatari. Maji ya rejeta yakiwa moto yamo chini ya shinikizo, na mwenye kufungua kifuniko wakati huo hurukiwa na mvuke usoni. Watu wamepofuka kwa jambo hili. Watoto wa nyumbani na wafundishwe mapema: boneti ikiwa moto, kifuniko cha rejeta hakiguswi, hata kwa kitambaa.

Pale kwenye chai ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Akina mama waliowahi kupika Nairobi wanajua kwamba maharage ya huko hukawia kuiva. Sababu ni kimo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100 kama Mombasa. Hali kadhalika ndani ya injini. Injini hufanya kazi katika nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu, kwa hiyo kama maji yangekuwa wazi yangechemka kila mara gari linapokwama katika foleni ya Jogoo. Kinachozuia ni kile kifuniko cha rejeta. Kina springi na mpira, hufunga kama sufuria ya presha, na kikiwa kizima huyafanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Mpira ukikatika au springi ikilegea, kinga hiyo imeondoka. Ndiyo maana fundi mwema wa Nairobi huanza na kifuniko, kitu cha shilingi mia chache, kabla hajataja jambo la maelfu. Ukiona fundi anaanza kwa kusema injini ifunguliwe, mshukuru, lipia chai yake, ondoka.

Saa tano ikafika. Boneti ilikuwa baridi. Fundi akatazama kwanza chini ya gari kama kuna tone, kisha pampu ya maji, ambayo ina kitundu kidogo chini yake: pampu ikichoka, maji hulia kwa kitundu hicho na kuacha alama nyeupe au ya kutu. Palikuwa pakavu. Akashika feni akaitikisa mbele na nyuma ajue kama beringi imelegea, akaubonyeza mkanda wake, akaiminya mipira ya maji, ule wa juu na ule wa chini, kusikiliza kama kuna mpasuko. Vyote sawa. Akapitisha tochi katikati ya matundu ya rejeta aone kama udongo na wadudu wameziba njia ya upepo. Pasafi. Dalali akaanza kutabasamu.

Kisha akafungua kifuniko. Upande wake wa ndani ulikuwa na utando wa rangi ya machungwa. "Kutu," akasema fundi, "watu wanaweka maji ya mfereji tupu, hawaweki dawa." Na kweli, maji matupu hula chuma, na maji ya kisima chenye chumvi kama vyetu vya pwani hula zaidi.

Bi Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake na buibui lake amelikusanya lisiguse oili. Akasogea. Akautia ule utando kidole, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa.

"Mwanangu," akamwambia fundi, "kutu huwa na chengachenga. Hii imenitia rangi kidole. Hii ni bizari ya manjano."

Fundi akanusa naye. Akacheka mpaka vijana wa karakana ya jirani wakaja kutazama. "Mama, wewe ndiye fundi. Mimi nishike spana tu."

Yapasa nieleze, kwani huenda yupo msomaji ambaye mumewe amekwisha kuchukua kopo lake la bizari jikoni bila ya kuaga. Ni hila ya zamani ya madereva. Rejeta ikivuja kidogo, humwagiwa unga wa manjano, nao hubebwa na maji hadi kwenye tundu, huvimba na kuliziba. Wengine hutia yai au pilipili manga. Kwa dharura ya porini, pasipo na fundi, laweza kukufikisha mji wa pili. Lakini unga huo haujui tundu la kuziba na tundu la kuacha. Huziba pia vijia vyembamba vya rejeta ambavyo maji yapaswa kupita, na gari lililokuwa likivuja likawa sasa gari lisilopoa. Zaidi ya hayo, bizari ndani ya gari linalouzwa ina maana moja tu: yupo aliyejua kwamba maji yanapotea.

Swali likawa, yanapotelea wapi? Rejeta haikuwa na alama ya kuvuja. Fundi akavuta kijiti cha oili, akakiangalia juani. Maji yakiingia katika oili huigeuza kuwa kama chai ya maziwa iliyolala, na hapo hakuna haja ya kuendelea. Oili ilikuwa nyeusi, kama ya dizeli yoyote. Basi akajaza maji hadi ukingoni, akaacha kifuniko wazi, akamwambia mpwa wa Bi Mwalimu awashe. Sote tukainama kama watu wachunguliao kisima.

Viputo vikatoka. Dalali akasema ni hewa tu iliyonaswa. Fundi akakubali kwamba yawezekana, kwani maji yakitiwa upya hewa hubaki ndani na hutoka kwa dakika chache. "Ndiyo maana tutangoja." Tukangoja. Hewa iliyonaswa huisha. Hii haikuisha. Kijana alipokanyaga mafuta viputo vikaongezeka, alipoachia vikapungua, wakati maji yenyewe yalikuwa bado hayajapata hata uvuguvugu. Fundi akazima, akafunga kifuniko, akawasha tena, na baada ya dakika mbili akaniita niushike mpira wa juu. Ulikuwa mgumu kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo, na ulikuwa baridi.

Hapo ndipo hukumu ilipo, na ni vyema ieleweke. Mpira wa maji kuwa mgumu wakati injini ina moto ni kawaida, kwani joto huleta shinikizo. Kuwa mgumu wakati wa baridi ni kwamba shinikizo linatoka kwingine: ni moshi wa mlipuko wa silinda unaopenya kuingia katika njia za maji. Kati ya injini na hedi yake pana gasketi, utando mwembamba unaotenga moto, oili na maji. Gari likichemka mara moja vibaya, hedi hupinda au gasketi huungua, na tangu hapo moshi husukuma maji nje, maji hupungua, gari huchemka tena, na kila kuchemka huzidisha ufa.

"Gasketi imeungua ama hedi imepasuka," akasema fundi. "Kati ya hizo mbili siwezi kuapa mpaka nifungue." Gasketi ni kitu cha kubadilishwa. Hedi iliyopinda hupelekwa kusawazishwa kwa mashine. Hedi iliyopasuka, aghalabu hununuliwa nyingine, na pengine ndio mwisho wa injini.

Mwenye gari akaitwa. Hakugombana. Alisema naye aliuziwa hivyo hivyo, kwamba gari kuukuu mtu hulinunua kwa macho yake, na kwamba katika hati ya mauziano huandikwa limeuzwa kama lilivyo. Kisha akapunguza bei, tena si kidogo.

Bi Mwalimu akanigeukia akaniuliza hukumu yake. Nilimjibu kama nijibuvyo hapa. Muuzaji anayejua aibu ya kitu chake ni wajibu aitaje. Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya fungu la chakula na vidole vyake vikatoka na unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, lile sharti la kuuza kama kilivyo halimwokoi muuzaji na aibu anayoijua akaificha. Mnunuzi aliyegundua aibu ya tangu kabla ya mauziano ana khiyari ya kurudisha, ila arudishe mara tu agunduapo, asilitumie kwanza wiki mbili ndipo alalamike. Lakini khiyari hiyo ni ya asiyejua. Sisi tulikuwa tumekwisha kuona viputo. Tukinunua baada ya kuona, tumeridhia, na hatuna pa kurudi.

"Kwa hiyo ni halali nikinunua?" akauliza.

"Ni halali."

"Na kama ndani ni hedi iliyopasuka?"

"Ni yenu."

Akatulia kitambo. Nilijua anahesabu, na si shilingi peke yake. Alikuwa akiwahesabu akina mama 22 mmoja mmoja, na fungu la kila Alhamisi. Bei iliyopunguzwa ingebakisha fedha za kutosha kubadilisha gasketi, na zingebaki. Isingebakisha fedha za injini. Akamwambia mwenye gari kwa adabu: tufungue hedi hapa hapa, mbele ya fundi wako na wangu. Ikiwa ni gasketi, nitalipa bei yako ya kwanza nikitoa gharama ya gasketi tu. Mwenye gari akasema hana muda, kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Bi Mwalimu akamtakia kheri, akakunja mkoba wake chini ya buibui, tukaondoka. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika Shauri Moyo, aliponiambia kwamba mtu mwenye hakika ni gasketi tu angefungua.

Siku ya pili tuliona pikapu ya rangi ya buluu kule Umoja, chakavu zaidi kwa kutazama. Kioo cha taa moja kilikuwa na ufa, na ubao wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa waya. Mwenyewe, mzee aliyekuwa akibebea chakula cha mifugo, alituambia kabla ya kuulizwa: kifuniko cha rejeta kimechoka, na themostati iliondolewa na fundi miaka miwili iliyopita. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la alfajiri.

Themostati ni mlango mdogo unaojifungua wenyewe kwa joto. Injini ikiwa baridi huufunga, maji yazunguke ndani tu na injini ipate moto upesi. Ikifika nyuzi 82 au 88, kwa kadiri ilivyoandikwa juu yake, hujifungua na kuyapeleka maji kwenye rejeta. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huing'oa gari linapochemka na kusema tatizo limekwisha. Hawajatibu chochote. Injini hukaa baridi mno, hula mafuta, huchakaa, na mshale wa joto hubaki chini hata kama rejeta imeziba nusu, kwa hiyo mnunuzi hudanganyika. Namna ya kujua ni kuushika mpira wa juu tangu injini inapowashwa. Themostati ikiwepo, mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla hupata moto. Isipokuwepo, huvuguvugika pole pole pamoja na injini. Na mshale wenyewe usiaminiwe bila kujaribiwa, kwani wapo wanaochomoa waya wake. Katika magari ya zamani, fundi huuchomoa waya wa kipima joto akaugusisha kwenye chuma cha injini, swichi ikiwa imefunguliwa. Mshale ukipanda mpaka juu, waya na saa yake ni vizima.

Themostati mpya Bi Mwalimu aliijaribu mwenyewe jioni ile Majengo, katika sufuria ya mwenyeji wetu. Aliining'iniza kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, akawasha jiko. Ilikuwa ya nyuzi 82, na ilianza kufunguka maji yakiwa bado hayajatokota. Isingefunguka mpaka maji yachemke angeirudisha dukani. Jaribio hili laweza kufanywa katika jiko lolote, na ningependa wasichana wetu walione, maana ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Mzee wa Umoja aliturusu tulipeleke gari Kariobangi. Viputo vilitoka kidogo mwanzoni vikaisha. Mpira wa juu ulikaa laini. Fundi alitia kifuniko kipya, themostati na mkanda mpya, akasafisha rejeta kwa maji mpaka yakatoka meupe, kisha akatia dawa ya kupozea iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Hapa nitatoa indhari kwa kila nyumba yenye watoto na wanyama: dawa hiyo, ya kijani au ya waridi, aghalabu ni tamu mdomoni na ni sumu kali. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala iliyomwagika isiachwe uani paka au mbuzi akailamba.

Kilichobaki ni mtihani wa mlima. Eastlands ni tambarare, na asubuhi ya Nairobi ni baridi. Gari lenye rejeta dhaifu laweza kupita humo kila siku bila ya kujulikana, likaja kuumbuka kwetu penye joto. Basi Jumatano tukapakia magunia ya mchanga, tukapanda hadi Limuru, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, ambako maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 93. Mwenyewe alikaa mbele na dereva, mimi na Bi Mwalimu tukafuata kwa gari la jamaa yetu. Mshale ulipanda hadi nusu, ukakaa. Kule juu fundi aliiacha injini ikinguruma robo saa gari likiwa limesimama, kwani gari lisimamapo halina upepo ila wa feni. Ukakaa pale pale. Bei ikakatwa Limuru, juu ya kikombe cha chai, na mzee akapunguza kwa ajili ya taa na ubao bila ya kuombwa.

Alhamisi tukateremka. Ni kilomita 480 hivi hadi Mombasa, na ingawa njia kwa jumla inashuka, joto linapanda. Tulipumzika Mtito Andei tukaswali, na kati ya Voi na Maungu, saa nane mchana, dereva alipunguza mwendo makusudi nyuma ya lori refu ili tuone. Mshale haukusogea. Tulipopita Mackinnon Road hakuna aliyesema kitu, ila Bi Mwalimu aliugusa ubao wa mlango kwa kiganja.

Pikapu sasa inabeba nazi. Bi Mwalimu amempa mpwawe daftari la mistari, na kila alfajiri kabla ya kuwasha huandika tarehe na kimo cha maji. Katika wiki ya sita maji yalipungua upana wa kidole. Kijana alilala chini ya gari na tochi akakuta skrubu ya kibano cha mpira wa chini imelegea nusu mzunguko. Akaikaza, akaongeza maji ya mvua, akaandika.